Kutambua mbao kwa simu: ipi inafaa kwa mninga, mkora na mkurungu?

MamaVitanda_Mwanga
Habarini wana jukwaa. Nina duka dogo la samani hapa Mwanga, Kigoma. Mimi si fundi, ni muuzaji tu. Mbao nanunua Urambo na Kaliua, zinakuja na lori, fundi wangu anatengeneza vitanda na makabati. Mwezi uliopita nimepokea mbao 14 za mninga. Fundi akazisimamisha ukutani, akazigonga moja moja kwa kidole, akatenga tatu. "Hizi mbili si mninga. Hii ya tatu sijui." Nikampigia aliyeniuzia, akaapa zote zimetoka gogo moja. Mteja wa kitanda keshalipa nusu, na kwenye risiti nimeandika kwa mkono wangu: mninga.

Nikaingia kwenye simu. Kwanza nilijaribu kutafuta kwa picha, ile unapiga picha na simu inakuletea vinavyofanana. Ubao uleule: asubuhi mlangoni nikapata jina moja, mchana kivulini jingine, usiku chini ya taa ikaniletea picha za sakafu za vigae. Nikaachana nayo. Nikapakua PlantNet, programu ya kutambua mimea, nayo inataka jani, ua, tunda au gome, na mimi nina ubao umeshapasuliwa. Ya tatu ni CITESwoodID, ya Taasisi ya Thünen ya Ujerumani, ya bure. Hii haisomi picha. Inakuuliza mbao ina nini, wewe unajibu, yenyewe inaondoa majina yasiyofaa. Imenishinda pale ilipoanza kuuliza habari za vitundu, yale matundu madogo yaliyo ndani ya mbao.

Aliyewahi kuzitumia anieleze, ipi ya kushika? Au nirudi kwenye kidole cha fundi?

Randa_Ngambo
Dada, niko Tabora mjini, seremala. Kutafuta kwa picha ya bapa la ubao, yaani upande wake mpana, futa kabisa akilini. Rangi inabadilika kwa jua, kwa mafuta, kwa vanishi, hata kwa kukaa stoo. Mninga mmoja hutoka kahawia hafifu, mwingine una michirizi myekundu, na yote mininga.

Mbao inatambulika kichwani, pale msumeno ulipokata kukingama nyuzi. Fanya hivi. Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, ile ya sonara. Chukua wembe mpya, kisu cha jikoni kitakudanganya. Lowesha kichwa cha ubao, hata kwa mate, kisha pitisha wembe mara moja tu, eneo la ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Msumeno huwa unaponda vitundu, ndiyo maana ulikwama kwenye lile swali: ulikuwa unaangalia vumbi. Lenzi iweke jichoni kabisa, halafu sogeza ubao mpaka uone.

Mninga: vitundu vikubwa vimejipanga mwanzo wa pete ya ukuaji wa mti, vinapungua ukubwa kadiri unavyoelekea mwisho wake, na kuna tepe nyembamba za rangi nyepesi zinazoviunganisha kama mawimbi. Mkora, mbao nyingine inayoweza kuchanganywa nao: kila kitundu kimezungukwa na doa jepesi lenye ncha mbili, kama jicho, na vingine vimejaa kitu cha njano. Ukishaona jicho lile mara moja hulisahau.

Sasa geuza, tazama bapa. Mninga una vimistari vyembamba sana vya kukingama, vimepangana kama mchanga wa ufukweni maji yakishapita. Vinaonekana vizuri ukiinamisha ubao mwanga upige kwa ubavu.

Ukishaviona hivyo, rudi CITESwoodID. Si lazima ufuate mpangilio wa maswali. Jibu lile usilolitilia shaka, ruka mengine, mwisho linganisha picha zake na unachokiona kwenye lenzi. Ila ujue imetengenezwa kwa ajili ya miti iliyo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na ile inayofanana nayo. Usitegemee ikutajie kila mti wa miombo.

MzeeWaGogo
Simu ya nini? Mninga unanusa, unajua. Miaka thelathini sijawahi kukosea.

Randa_Ngambo
Shikamoo mzee. Mbao iliyokaa juani miezi sita unanusa nini, zaidi ya vumbi la mninga linalotupigisha chafya?

MzeeWaGogo
Marahaba. Unapiga randa kwanza, ndipo unanusa. Na unapima uzito mkononi.

Asali_Ipole
Uzito wa mkononi unadanganya, mzee wangu. Mbao mbichi ya mninga itaizidi uzito mbao kavu ya mkora. Kama ni kavu kweli, tumia mzani wa jikoni: kata kipande cha sentimita 5 kwa 5 kwa 10. Mninga mkavu utacheza kwenye gramu 150 hadi 165, mkora karibu 200. Peke yake si ushahidi, lakini ukikaa pamoja na lile jicho, umemaliza.

Naomba pia niitetee PlantNet. Mimi ni mfuga nyuki, na kwa mti uliosimama naikubali. Mninga hata mtoto anautambua kwa tunda: duara lenye ubawa kuzunguka, katikati kifundo cha miiba kama brashi. Chanja gome, unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mkora una ganda nene jeusi, mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu. Hayo yote simu inaweza kuyapiga picha. Mti ukishakuwa ubao, PlantNet haina cha kushika. Kwa hiyo ni ya kutumia unapokwenda kuona miti kwa mwenye kibali cha kuvuna, haifai dukani.

Karani_wa_Forodha
Jambo moja ambalo wengi hamligusi: majina. Mkora wa Tabora, mkongo wa kwingine, mbambakofi wa pwani, ni mti mmoja, Afzelia quanzensis. Programu hizi zinajua jina la kisayansi, hazijui mkora. Mninga ni Pterocarpus angolensis. Mkurungu ni Pterocarpus tinctorius, ndugu yake wa karibu, na kuna wanaouita mninga maji. Kwa hiyo aliyekuuzia inawezekana hakudanganya, kwao ndivyo unavyoitwa.

Kwa wa Kigoma wanaofikiria kuvusha mbao ng'ambo ya ziwa: mkurungu uliingia Kiambatisho cha II cha CITES, orodha ya miti ambayo kuivusha mpaka kunahitaji kibali, mwaka 2019, na Novemba 2022, kwenye mkutano wa Panama, ikaongezwa miti ya Afrika ya jamii za Pterocarpus, Afzelia na Khaya. Yaani mninga, mkora na mkangazi. Biashara ya ndani haiguswi na hilo, hapo ni alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na hati ya kusafirishia. Mpakani ndipo jina lililoandikwa kwenye karatasi lazima lifanane na mbao.

Randa_Ngambo
Niongeze tovuti ya The Wood Database. Si programu, lakini ina picha za vichwa vya mbao zilizokuzwa mara 10, kile hasa unachokiona kwenye lenzi. Mninga utafute kwa tahajia yao, Muninga. Fungua ukurasa ukiwa na bando, uhifadhi kwenye simu, porini hakuna mtandao. Kuna na InsideWood ya chuo kikuu cha North Carolina State, ila ile ni ya wenye hadubini. Sisi tupite.

MamaVitanda_Mwanga
Nimerudi. Lenzi nimeazima kwa sonara wa Ujiji, nyembe nimeharibu tatu, kidole nimekata kimoja.

Mbao mbili zimejaa yale macho! Nimemwita fundi naye akaona, akanyamaza, akaomba lenzi tena. Vipande vyake mzani umesema 197 na 203. CITESwoodID imenifikisha kwenye Afzelia, kwa kujibu maswali manne tu, mengine nimeruka. Kwa hiyo ni mkora.

Ya tatu ndiyo kichwa kinaniuma. Vimistari vya mchanga vipo, macho hakuna. Rangi nyekundu kuliko zile 11.

Karani_wa_Forodha
Basi uko ndani ya ukoo wa mninga, na hapo lenzi inaanza kuishiwa. Mninga na mkurungu kuitenganisha kwa jicho ni kazi.

Asali_Ipole
Ile ya maji je? Weka maranda kwenye glasi ya maji safi, acha kidogo, shika juani mbele ya kitambaa cheusi. Jamii ya mninga mara nyingi maji yanatoa mng'ao wa bluu.

MamaVitanda_Mwanga
Yametoa. Watoto wameng'ang'ania glasi, wanadhani ni uchawi. Ila nikaweka na maranda ya zile 11, nazo zimetoa.

Randa_Ngambo
Ndiyo, inakuambia ukoo tu, mtoto haikutajii. Kata kipande, kichonge vizuri, kipeleke TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, kule Moshi kama jambo ni la risiti. Kama ni la kitanda tu, ubao huo uwe chaga za chini.

MamaVitanda_Mwanga
Mteja nimemweleza yote, nikamwonyesha na macho kwenye lenzi. Amekubali mkora uwe ubao wa kichwani, ila anataka nipunguze bei kwa sababu "siyo mninga".

MzeeWaGogo
Usipunguze hata mia. Mwambie akiubeba peke yake mpaka nyumbani, ndipo mzungumze bei.