Naomba ushauri: sindano ya kupanga uzazi imemkubali lakini kazi ya maua haimpi nafasi

Wapendwa nisaidieni, mimi niko Nairobi ila swali ni la sista yangu mdogo ako Naivasha kwa shamba la maua, kule wanapanga maroza kwa urefu na kufunga. Alikuwa anadungwa ile sindano ya miezi 3 na ilimkubali kabisa, shida ni tarehe, Januari yote wanajiandaa na Valentine, anatoka usiku kliniki imefungwa na akiomba ruhusa anakatwa pesa ya siku nzima. Sasa amepitisha tarehe wiki kadhaa, nimemwambia watumie kondomu na apime mimba kabla ya kudungwa tena.

Anataka kuhamia kijiti cha mkono, kile cha miaka 3 ama 5. Lakini wenzake wanasema damu inaweza kutoka ovyo ovyo, na hapo kazini hata kwenda choo ni kuomba, amesimama na eproni na gambuti tangu asubuhi, pedi atabadilisha saa ngapi jameni? Koili ya kopa, ile inawekwa ndani ya kizazi, inakaa hata miaka 10 ila anaogopa hedhi itaongezeka.

Kina mama mmefanya kazi ya maua, mlitumia gani? Na Naivasha ni wapi wanahudumia Jumapili?