Soksi za kuchubua, plasta za usiku au unga wa kuloweka: kipi kinafaa miguu?

NyayoKavu: Wakuu, salaam. Nataka kuagiza dawa ya miguu ya kutumia nyumbani, na nimekwama kati ya vitu vitatu. Kuna soksi za plastiki zenye majimaji ya mimea, unavaa kama saa moja, ngozi ngumu inachubuka yenyewe siku za mbele. Kuna plasta za mitishamba za kubandika unyayoni usiku, asubuhi zinakuwa nyeusi, wanasema ni sumu imetoka mwilini. Halafu kuna unga wa mwarobaini wa kuloweka. Nilipie kipi?

MzeeWaJiwe: Swali halijakaa sawa. Miguu ina nini? Magaga, sugu, fangasi au harufu? Na ni ya nani? Hivyo vitu vitatu havifanyi kazi moja.

BiHina: Mimi hata sijaona haja ya kulipia hayo yote. Paka hina kisiginoni, lala nayo, asubuhi osha upake mafuta. Ila iwe hina ya majani yenyewe, inayotoa rangi ya machungwa au kahawia. Ile "nyeusi" mara nyingi imetiwa rangi ya nywele, na hiyo huweza kuunguza ngozi ikatoa malengelenge.

Chaki: Plasta futa kabisa kwenye orodha. Nyingi ndani ni siki ya mianzi au ya miti iliyokaushwa ikawa unga, na unga huo hubadilika rangi ukipata unyevu. Unyayo hutoa jasho usiku kucha, unategemea nini? Ukitaka kuhakikisha, shikilia moja juu ya mvuke wa birika uone kama birika nalo lina sumu. Marekani, tume yao ya biashara, FTC, iliwashtaki wauzaji wa plasta za Kinoki mwaka 2009 kwa madai hayohayo ya kutoa sumu, na mwaka 2010 wakapigwa marufuku kuziuza.

UpepoMwanana: Mimi zilinisaidia kulala vizuri, semeni mtakalo.

Chaki: Kulala vizuri sikatai. Nakataa sumu. Kazi hiyo ni ya ini na figo.

DadaNdara: Soksi za kuchubua ngoja niwasimulie. Pakiti ilikuwa na picha za majani tupu, mshubiri, maua, mpaka unasema hii hata mtoto anaweza kuvaa. Nikavaa, nikaosha, kesho yake hakuna kitu. Kesho kutwa hakuna kitu. Nikajua nimeliwa. Wiki ikaisha, nikaalikwa sherehe ukweni, nikavaa ndara zangu nzuri za wazi. Nimeingia sebuleni, viatu vimevuliwa mlangoni, nakaa kwenye zulia jekundu, nyayo zikaanza kumenyuka kama kitunguu. Kila nikisogeza mguu, kipande. Wifi akaleta ufagio bila kusema neno, na huko kunyamaza ndiko kulikoniua. Halafu kwenye kisigino nilikuwa na ufa mdogo, pale paliwaka moto tangu siku ya kuvaa. Baadaye nikasoma nyuma ya pakiti: asidi ya laktiki, ya glaikoli na ya salisiliki ziko juu, mshubiri uko mkiani kabisa. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo hiyo "mitishamba" ilikuwa pambo.

MzeeWaJiwe: Pole dada, ila umenichekesha. Jiwe la kusugulia halijawahi kumwaibisha mtu ukweni.

BiHina: Wala hina.

NyayoKavu: Samahani nilichelewa kurudi. Ni magaga, na ni ya mama. Ana sukari miaka mingi, siku hizi anasema miguu ina ganzi.

Chaki: Sasa hilo ndilo lilitakiwa liwe la kwanza! Usilipie chochote. Mtu wa kisukari mwenye ganzi hahisi asidi ikimuunguza wala maji yakiwa ya moto. Kidonda kidogo kinaweza kukua bila yeye kujua. Kuloweka nako hapana, ngozi inalainika kupita kiasi halafu inakauka zaidi. Mpeleke kliniki waangalie miguu kwanza. Kwa ukavu, muulize daktari au mfamasia krimu ya yurea. Apake kisiginoni na unyayoni, si katikati ya vidole, maana unyevu ukikaa hapo fangasi wanashukuru.

MzeeWaJiwe: Naunga mkono. Na jiwe langu pia asiguse, wala wembe. Magaga mengine yote jiwe, lakini hapa hapana.

UpepoMwanana: Kwa hiyo mwarobaini nao ni mbaya? Wazee wetu walitumia.

Chaki: Sijasema mbaya. Nimesema si kwa miguu yenye ganzi.

BiHina: Wazee wetu walitumia hina pia, mbona hilo hamlitaji?

NyayoKavu: Sawa, ya mama nimeacha, namtafutia siku ya kliniki. Ila mimi mwenyewe nina sugu chini ya kidole gumba. Soksi bado zimo kwenye kikapu.

DadaNdara: Una mwaliko wowote karibuni?

Kibaraza: Mgeni hapa. BiHina, hina unachanganya na ndimu au maji matupu?

BiHina: Ndimu kidogo, inakoleza rangi.

MzeeWaJiwe: Ndimu halafu mtu atoke juani na ndara? Atatoka mabaka meusi. Tumia maji.

BiHina: Nani kasema atoke juani? Nimesema alale nayo.