Baada ya Cessna 172: ndege ipi itanitoa jasho lenye faida?

Tai_Mchanga:
Wakuu, salaam. Nina leseni binafsi na saa 130, zote za Cessna 172. Naipenda, ila siku hizi natua huku nawaza mambo mengine kabisa, na hilo linanitisha. Nimeweka akiba ya masomo ya mwaka mmoja. Nataka ndege ngumu itakayonifanya rubani bora, siyo ngumu ya kujisifia. Kichwani nina tatu: ya gurudumu la mkia kama Piper Cub, Pitts Special ya sarakasi, au glaida, ndege isiyo na injini. Wapo wanaoniambia nikimbilie injini mbili. Mliozipitia mnasemaje?

Kipanga:
Gurudumu la mkia, tena mapema, kabla uvivu haujakomaa. Kwenye 172 uzito uko mbele ya magurudumu makuu, kwa hiyo ukitua upande kidogo ndege inajinyoosha yenyewe. Kwenye Cub uzito uko nyuma yake. Ikianza kupinda, uzito unaisukuma ipinde zaidi, na usipoiwahi kwa pedali mkia unakuja mbele na ncha ya bawa inasugua chini. Yalinikuta nikiwa na saa 9 tu za aina hiyo. Upepo wa ubavuni ulikuwa mdogo, nimeshagusa chini, nikajiona nimemaliza. Mwalimu aliniambia neno moja: "Miguu!" Gharama ya bawa sitaitaja hapa.

Cub J-3 nyingi zina injini ya nguvufarasi 65, hazikimbilii popote. Ukiwa peke yako unakaa kiti cha nyuma ili uzito ukae sawa, kwa hiyo chini pua inakuziba macho. Lakini baada ya wiki chache utaanza kuhisi ndege inaserereka kwenye makalio kabla kipimo hakijakwambia.

BintiAnga:
Kaka Kipanga amesema kweli, ila kwenye Cub ukiharibu unaongeza nguvu, unazunguka, unajaribu tena. Glaida haina hiyo anasa. Kila kutua ni kumoja. Mabawa ni marefu, kwa hiyo ukilaza fimbo bila kukanyaga pedali pua inakwenda upande usioutaka, na kile kipande cha uzi kilichobandikwa kwenye kioo kinakuumbua hapo hapo.

Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000. Kapteni Bob Pearson alikuwa rubani wa glaida. Alipofika Gimli akiwa juu mno, aliilaza ndege kiubavu, ikapoteza kimo bila kuongeza mwendo, akatua kwenye uwanja wa zamani wa jeshi. Gurudumu la mbele lilikunjika, lakini hakufa mtu. Ujanja ule hakuupata kwenye 767.

Na raha yake? Kukaa angani saa tatu kwa hewa moto tu, bila tone la mafuta, huku kipanga halisi anazunguka nawe kwenye hewa ile ile. (Samahani Kipanga.)

Chuma_Kizito:
Mnajadili vitoto. Ndege ngumu ni Starfighter F-104 ya kivita, ni U-2 ya kijasusi. Hizo ndizo zinazopima mtu.

Kapteni_Mstaafu:
Chuma, usiziweke kapu moja. Ujerumani Magharibi ilipokea F-104 zipatazo 916, ikapoteza 292, na marubani 116 wakafa. Bawa dogo kama kisu, mwendo mkali wa kutua, halafu ndege iliyobuniwa kukimbilia juu ikatumwa kuruka chini chini kwenye hali mbaya ya hewa. Kuna ugumu unaofundisha na kuna ugumu unaozika.

U-2 ni habari nyingine. Mabawa yanapita mita 31, magurudumu yamepangwa kama ya baiskeli, na vigurudumu vya kushikilia mabawa hudondoka wakati wa kupaa. Kule juu ya futi 70,000, kati ya mwendo wa kustoli (mdogo mno, bawa haliibebi tena ndege) na mwendo uliopita kiasi hubaki kama fundo 10 tu. Wakati wa kutua, rubani mwenzake humfukuza kwa gari akimtajia redioni futi zilizobaki, kwa sababu ndani ya suti ya shinikizo haoni vizuri. Zikibaki kama mbili, lazima aistolishe ndege iketi. Angalia: pale ugumu ulikubaliwa tangu mwanzo, ukapangiwa mtu na gari.

Ndiyo maana kuhusu injini mbili namwambia kijana asubiri. Ugumu wake si wa mikono. Injini moja ikizima, ndege inavutwa upande wa iliyokufa, na chini ya mwendo fulani pedali yote haitoshi kuishikilia. Una sekunde chache za kufikiri sawasawa. Mitsubishi MU-2, ya injini mbili, ilipata jina baya kwa ajali. Haina eleroni za kawaida, yaani vibamba vya ukingo wa nyuma wa bawa vya kuilaza ndege; inalala kwa vibamba vya juu ya bawa, kwa sababu flapu, zile zinazoshushwa wakati wa kutua, zimechukua ukingo wote wa nyuma. Mwaka 2008 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikaweka kanuni ya mafunzo maalumu, na ajali zikapungua sana. Ndege haikubadilishwa.

Chuma_Kizito:
Nimekubali ya U-2. Starfighter bado nzuri kwa macho.

Tai_Mchanga:
Na Pitts je? Hamjaigusa.

Kipanga:
Kwa makusudi. Ile ni ya gurudumu la mkia pia, fupi, inatua kwa kasi kuliko Cub, na ukielekea kutua njia imefichwa na pua na mabawa. Wengi huja kwa kuipinda kando ndipo wachungulie. Ukiwaza kugeuka, imeshageuka. Inafurahisha kupita kiasi, lakini kwanza upate hizo saa za Cub.

BintiAnga:
Hapo nakubaliana naye, mara ya kwanza mwaka huu.

Tai_Mchanga:
Basi naanza na glaida, maana miguu yangu imelala na uzi ule wa kwenye kioo nimeuogopa kabla ya kuuona. Cub itafuata nikishaacha kutua kwa mazoea. Kapteni, injini mbili nimeziweka kando. Kipanga, swali moja tu: ulipopinda siku ile, ulikanyaga pedali isiyo sahihi au hukukanyaga kabisa?

Kipanga:
Sikukanyaga. Nilikuwa natafuta njia ya kutokea uwanjani.