Nauli ya Mtwapa, mwisho Bombolulu: tumechoka kuuzwa njiani!

Wadau wa Mombasa, tabia hii ya kukata ruti imezidi na mimi sinyamazi tena. Gari linaita Mtwapa tangu Ferry, makanga anakusanya nauli ya Mtwapa kabla hamjafika Buxton, mkishavuka daraja la Nyali mnaambiwa "mwisho Bombolulu, tunageuza." Wanageuza kwa sababu mjini steji zimejaa watu na nauli ya jioni imeshapanda. Nyinyi mliokwisha kulipa hamna maana tena.

Juzi walituuza. Makanga wetu alimsimamisha mwenzake, akamhesabia sarafu mkononi haraka haraka, tukasukumwa ndani ya gari ambalo viti vyake vyote vina watu. Mama mjamzito alisimama ameinama, kichwa kinagonga dari, hadi Bamburi Mtambo. Kumbe zile sarafu hazikutosha vichwa vyote, makanga wa pili akaanza kudai nauli upya. Kijana aliyekataa aliteremshwa gizani. Yule mama alilipa mara ya pili, na dereva wala hakugeuza shingo.

Ule mstari wa manjano ubavuni mwa matatu si pambo. Uliletwa na sheria za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 pamoja na mikanda na vidhibiti mwendo, na ruti huandikwa pale ili abiria ajue anapopelekwa. Kanuni za 2014 nazo zikawalazimisha wenye magari wawe ndani ya sacco (chama cha ushirika) au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, ili pawe na wa kuulizwa. Sasa ukienda kwa wenye gari unaambiwa "ongea na makanga." Makanga gani, na kesho yuko gari jingine?

Kila msako mikanda inakaguliwa, bima inakaguliwa. Sawa, ni muhimu. Lakini nani anamuuliza abiria kama alifikishwa alikolipia? Huduma ipimwe hapo kwanza! Nauli ibandikwe mlangoni, ya asubuhi, ya jioni na ya mvua. Gari likikata ruti, nauli irudishwe palepale. Na sacco inayolalamikiwa kila wiki isipewe leseni upya mpaka ijibu.

Mnaopanda za Likoni–Ukunda na za Magongo, hali ikoje huko? Andikeni ruti, saa na mlipoteremshiwa, tupeleke malalamiko kwa pamoja.