Bağlama ya shingo ndefu: nyuzi za chini zinakatika kila nikityuni. Msaada wakuu

Nyuzi7: Wakuu, habari. Hii ni bağlama (saz), ala ya nyuzi ya Uturuki, uzun sap (shingo ndefu), urefu wa uzi unaolia sm 88, nyuzi 7 kwa makundi 3. Nikityuni noti la-re-sol kwa programu ya simu, nyuzi mbili nyembamba za chini (mm 0.18) zinakatika kabla ya kufika la. Pili, perde (kizuizi kilichofungwa shingoni cha kubonyezea noti) ya pili kutoka kichwani hailii noti ya si bemol (si iliyoshushwa nusu toni) wala si kamili. Niisogeze?

Kigingi: Perde usiiguse! Hiyo ni si bemol 2, iko koma mbili (koma ni sehemu ya tisa ya toni) chini ya si kamili, na nyimbo nyingi za Anatolia zinaitegemea. Pima kutoka kichwani: si bemol iko karibu sm 5, hii karibu sm 7.5, si kamili karibu sm 9.6. Ukiisogeza ilingane na gitaa umeiua saz.

Kuhusu kukatika: simu inakupeleka la ya hertz 440. Kwa sm 88 hakuna waya wa chuma utakaovumilia hapo. "La" ya bağlama ni jina la uzi mtupu wa chini tu, sauti yake halisi huwekwa kulingana na ukubwa wa chombo.

MpigaUdi: Na hiyo "la" usiichukulie kama solfa ya kwaya, utachanganyikiwa zaidi.

Kigingi: Kweli. Mkuu, weka nyembamba za chini kwenye do (hertz 262). Ule mnene wa kundi hilohilo, bam, uwe oktavu moja chini. Kundi la kati, fa iliyo chini ya do hiyo. Kundi la juu, si bemol: uzi wake mwembamba toni moja chini ya do, mnene oktavu chini yake. Mpangilio ni uleule wa la-re-sol, umeshuka tu.

Nyuzi7: Asante mkuu. Nikinunua seti ya 0.20 si itakuwa imara zaidi?

MpigaUdi: Hapana. Uzi mnene kwa sauti ileile unavuta kwa nguvu zaidi, na shingo ndefu hivyo inaanza kupinda. 0.20 ni ya kısa sap (shingo fupi).

Fundi_Vyombo: Baada ya kutyuni, kagua daraja (kipande cha mbao kinachobeba nyuzi), halijagundishwa. Gusa uzi kwa wepesi katikati, sm 44, upige, kisha bonyeza perde ya oktavu. Iliyobonyezwa ikiwa juu, sogeza daraja nyuma kuelekea mkiani, milimita moja moja, ukiwa umelegeza nyuzi kidogo. Ikiwa chini, lete mbele.

Nyuzi7: Perde moja imelegea, inateleza nikibonyeza.

Fundi_Vyombo: Ifunge upya kwa mshipi wa kuvulia wa nailoni, karibu mm 1, mizunguko mitatu au minne, fundo likae upande wa juu wa shingo, mbali na vidole. Kata ukibakiza kidogo, choma ncha kwa kiberiti iwe kidonge, la sivyo fundo litafumuka.