Siku moja Macau kutoka Guangzhou: nipangeje?

Hajati_Mapazia (Kampala)

Asalam aleikum wapendwa, na wote hamjambo.

Mimi nauza mapazia na vitambaa vya makochi pale Kikuubo. Mwezi wa kumi, Mungu akipenda, naenda Guangzhou kwa mara ya saba. Mara zote sita nimejua njia moja tu: chumbani mtaa wa Xiaobei hadi soko la vitambaa, sokoni hadi bohari ya ajenti wa mizigo, bohari hadi uwanja wa ndege. Wajukuu wakiniuliza, "Jjajja, Uchina kukoje?" sina la kuwaambia ila bei ya mita.

Safari hii nimetenga siku moja isiyo ya biashara. Nataka kwenda Macau, mji wa pwani uliokuwa wa Wareno, asubuhi nirudi usiku. Sababu yangu ni hii. Marehemu baba alikuwa mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, kazi ya reli ndiyo iliyomleta Kampala. Nikiwa na miaka tisa alinipeleka Fort Jesus, ile ngome ya Wareno, akaushika mkono wangu akauweka ukutani, akasema, "Waliojenga hapa walijenga mpaka mwisho wa bahari." Mwaka jana nikaona picha ya Macau kwenye simu ya binti yangu, ukuta wa ngome wenye mizinga juu yake. Nikamkumbuka baba papo hapo. Nikajua huo ndio mwisho wa bahari aliousema.

Sasa nauliza waliofika. Siku moja inatosha? Nianzie wapi? Goti langu la kulia halipendi vilima. Chakula nipate wapi kisicho na nguruwe? Na tafadhali, habari za nyumba za kamari msinipe, sizitaki.

---

Kijana_wa_Kisenyi

Waaleikum salaam Hajati. Siku moja inatosha, Macau ni ndogo sana, kilomita za mraba kama 33 tu. Mimi niliingilia upande wa Hong Kong, nikapita lile daraja refu la baharini lililofunguliwa 2018, kilomita 55 pamoja na handaki lake. Basi linakwenda kama dakika 40 na kote ni maji. Kama ratiba yako inaruhusu, pita huko, hutasahau.

Ukishavuka mpaka utaona mabasi ya bure ya mahoteli makubwa. Najua hutaki kamari, lakini basi ni bure na linakufikisha katikati ya mji. Unashuka, unaenda zako.

---

Mnubi_wa_Bombo

Hajati, shikamoo. Nimesoma ulichoandika mara mbili, na nina mengi ya kukwambia, maana nilikaa Guangzhou miaka minne nikisoma, na Macau nimeingia mara tatu. Mara ya kwanza iliniumiza, kwa hiyo naanza na hiyo. Kijana ameisahau na ndiyo inayoweza kukuharibia safari nzima.

Fungua pasi yako, tazama viza ya Uchina, sehemu inayoonyesha idadi ya kuingia. Kama imeandikwa 01, usiende Macau. Macau ni ya Uchina tangu tarehe 20 Desemba 1999, Wareno walipoirudisha, lakini ina mpaka wake, uhamiaji wake na pesa yake. Ukivuka kuingia Macau, kwa hesabu ya viza umetoka Uchina. Viza ya kuingia mara moja inakufa palepale, hata kama ina siku ishirini zilizobaki. Lazima iwe 02 au zaidi.

Mimi niliambiwa na mtu aliyenishughulikia safari kwamba "Macau ni Uchina ileile". Nikavuka asubuhi nikiwa na furaha. Saa nne usiku nikarudi mpakani, yule ofisa akafunua pasi, akafunua tena, akaniita pembeni. Nikarudishwa Macau. Nililala siku nne katika chumba cha bei ambayo sikuwa nayo, nikisubiri viza mpya, na mtihani wangu mmoja ukapita bila mimi. Tafadhali, ombeni viza ya kuingia mara mbili tangu mkiwa Kampala. Na ruhusa ya Macau yenyewe ina masharti yake, yanategemea pasi ya nchi gani na yanabadilika. Mwombe binti yako awaandikie uhamiaji wa Macau wiki kadhaa kabla, achapishe jibu, uliweke ndani ya pasi.

Hilo likiwa sawa, njia yako ni rahisi kuliko ya Hong Kong. Nenda kituo cha treni cha Guangzhou Kusini asubuhi na mapema, kata tiketi ya Zhuhai kwa pasi yako. Safari ni kama saa moja na ushee. Kituo cha Zhuhai kiko pua na mdomo na mpaka wa Gongbei, ukitoka mlangoni unafuata watu tu. Mpaka huo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa saba usiku. Jumamosi na Jumapili ni msongamano kama Kikuubo siku mbili kabla ya Idi, kwa hiyo chagua katikati ya wiki, ila si Jumatatu, maana Makumbusho ya Macau utakayoyataka hufungwa siku hiyo. Na wiki ya kwanza ya Oktoba usiguse kabisa, ni sikukuu yao ya taifa na nchi nzima iko njiani. Kama unakwenda kwa maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya Guangzhou, hayo huanza katikati ya mwezi, hapo utakuwa salama.

Macau hawagongi muhuri kwenye pasi. Watakupa kikaratasi kidogo. Usikitupe.

Ukitoka tu utaona jambo litakalokushtua: magari yanapita kushoto, kama kwetu. Hatua chache nyuma yako yalikuwa yanapita kulia. Pesa yao inaitwa pataka, lakini dola za Hong Kong zinapokelewa kila mahali, na yuan katika maduka mengi. Chenji watakurudishia pataka, na pataka ukishatoka nazo ni shida kuzibadilisha, kwa hiyo zimalize hukohuko. Basi la mji ni pataka 6 popote uendapo. Panda hilo, mabasi ya kamari uyaache, si kwa sababu ya dini pekee. Yanakushusha ndani ya majumba yenye baridi na taa ambako hujui kama ni mchana au usiku, na kutafuta mlango wa kutokea kunakula saa nzima.

Shuka uwanja wa Senado. Chini ni mawe meusi na meupe yaliyopangwa kama mawimbi. Hapo ndipo nilipopata kitu ninachotaka ukione kwa macho yako, wewe mtoto wa mtu wa Mombasa.

Majina ya mitaa yameandikwa kwenye vigae vyeupe kwa rangi ya buluu, Kichina na Kireno. Kireno sikijui. Nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa la manjano pembeni mwa uwanja, kibao kinasema Igreja de São Domingos. Nikalitamka taratibu: i-gre-ja. Gereza! Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake katika umati. Kanisa lao ndilo gereza letu. Watu wa pwani waliwaona Wareno wakisali ndani ya kuta za ngome, wakalichukua neno, na baadaye ngome ikawa mahali pa kufungia watu. Baada ya hapo nikaanza kuwinda. Bandeira, bendera. Mesa, meza. Lenço, leso. Hata karata, kasha na mvinyo. Maneno ambayo bibi yangu Bombo aliyatumia kila siku bila kujua yalivuka bahari na nani.

Na si wao tu walioleta. Kuna kuku wa Macau wanamwita galinha à africana, kuku wa Kiafrika, kwa nazi, karanga na piri-piri. Piri-piri, Hajati. Hiyo ni pilipili yetu.

Kutoka Senado fuata mtaa unaopanda kwenda kwenye magofu ya kanisa la São Paulo. Wauzaji watakukatia vipande vya nyama kavu uonje, wengi kwa ukarimu wa kweli, lakini nyingi ni nguruwe, kwa hiyo kataa kwa mkono na tabasamu. Biskuti za lozi chukua, uwaletee wajukuu, ila muulize muuzaji mafuta yaliyotumika. Juu utakuta uso wa kanisa peke yake, umesimama bila mwili. Lilijengwa kati ya 1602 na 1640, moto ukaliteketeza 1835. Uso ulichongwa pamoja na Wakristo wa Kijapani na Wachina, ndiyo maana utaona merikebu ya Kireno na maandishi ya Kichina ukuta mmoja.

Watu wengi wanapiga picha hapo wanarudi. Wewe usirudi. Upande wa kulia wake ndiyo ngome ya Monte, ile uliyoiona kwenye simu. Ilijengwa kati ya 1617 na 1626. Tarehe 24 Juni 1622, ikiwa haijakamilika, Waholanzi walikuja na merikebu 13 kuuteka mji. Askari wa Kireno walikuwa wachache mno. Mzinga uliopigwa kutoka Monte uliangukia baruti za Waholanzi, wakavurugika, na watu walioshuka kuwakimbiza hadi ufukweni, katika mstari wa mbele, walikuwa watumwa wa Kiafrika. Wengi waliachiwa huru baada ya vita. Wareno walikuwa wakiwachukua watu Msumbiji na kuwapitisha Goa, India, hadi huko. Waliwaita cafres, neno walilolisikia kwa Waislamu wa pwani yetu, kafiri. Hakuna aliyeandika majina yao ya nyumbani.

Kwa hiyo nilipofika juu, nikiwa Mwafrika peke yangu kati ya watalii, nilisoma Fatiha kwa niaba yao. Sijui dini zao. Nilisoma tu.

---

Dereva_Malaba

Mimi Macau sijafika ila Mombasa nakwenda kila wiki mbili kuchukua mizigo. Mzee wa Bombo umenifungua macho. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, ikakamilika 1596, na Wareno walikaa Macau tangu 1557. Yaani Fort Jesus ni mdogo wa mji wa Macau, ingawa ni mkubwa wa ngome ya Monte! Nilidhani ni kinyume. Na kweli Fort Jesus ilikuwa gereza wakati wa Mwingereza, mpaka 1958.

Hajati, ukipiga picha ya huo ukuta, iweke hapa. Nami nitakupigia wa Mombasa.

---

Hajati_Mapazia (Kampala)

Mnubi mwanangu, marahaba, Mungu akuzidishie. Nimesoma nikiwa dukani, mteja akanisubiri nimalize.

Nimetoa pasi sandukuni sasa hivi. Viza yangu ya zamani ilikuwa 01, na mara zote sita ilikuwa hiyohiyo, sikuwahi kujua kile kisanduku ni cha nini. Ningekwenda mwaka jana kama nilivyotaka, ningekwama kama wewe, na kontena letu tunalochangia watu watano lingeondoka bila marobota yangu. Ya mwezi wa kumi naomba mara mbili.

Kijana wa Kisenyi, asante na wewe. Daraja ni zuri, lakini Hong Kong itanilia siku.

Nimepanga hivi: Jumatano, treni ya kwanza, Senado, kanisa lenye uso, halafu Monte nikae mpaka alasiri. Sitaki kuona vitu kumi. Kilichobaki ni goti. Hiyo ngome nitaipandaje? Na Adhuhuri nitaswalia wapi?

---

Mnubi_wa_Bombo

Ngazi za mawe mbele ya São Paulo ni zaidi ya sitini, lakini ni pana, pumzika katikati, hakuna anayekusukuma. Kutoka hapo usipande kilima kwa miguu. Fuata kibao cha Makumbusho ya Macau, kuna ngazi za umeme zinazokupandisha mpaka ngomeni.

Msikiti upo, mdogo, karibu na bandari ya feri kando ya bwawa la maji, pamoja na makaburi ya Waislamu. Njia yake inaitwa Ramal dos Mouros. Wareno waliwaita Waislamu wote mouros. Ni mbali kidogo na ngome, kwa hiyo kama goti limechoka, swali palepale Monte. Juu kuna majani na miti, kuna kivuli na ni kimya. Beba mkeka mdogo, maji na chapati zako, kwa sababu kuku wa Kiafrika nimekusifia lakini sikupata mkahawa niliouamini kuwa amechinjwa kwa halali. Mimi nilikula samaki.

Kingine: WhatsApp, ambayo Guangzhou inakusumbua, Macau inafanya kazi bila kizuizi. Ukifika ukutani, wapigie wajukuu kwa video. Kampala itakuwa nyuma kwa saa tano, kwa hiyo ukipiga baada ya alasiri watakuwa wameshaamka na wanakunywa chai.

---

Hajati_Mapazia (Kampala)

Basi nitawapigia kutoka hapo. Nitaweka mkono ukutani kwanza.