Kuonja mnazi shambani Rabai: tufike saa ngapi?

Jamani, Jumamosi twataka kuwatoa wageni wanne Mombasa tuwapeleke Rabai wakaonje mnazi, yaani tembo, pombe ya utomvu wa mnazi, kwa mgema mwenyewe. Tufike saa ngapi, na tubebe nini?

JIBU: Pitieni Mazeras, mshike barabara ya Kaloleni. Mgema hupanda asubuhi na jioni. Kila akipanda hukata kipande chembamba cha ncha ya karara (ala ya maua ya mnazi) ambalo halijafunguka, maana asipokata kidonda huziba na utomvu hukoma. Fikeni saa moja asubuhi mumwone kazini. Tembo la saa hiyo bado ni tamu. Kufika adhuhuri lishachacha, kileo chake huwa kama asilimia 4 au 5. La kesho yake laelekea siki. Kwa mgeni, lile la asubuhi ndilo.

JIBU: Na chujeni kwa kitambaa safi, nyuki huanguka sana kibuyuni. Mgema msimsifu mno, methali mwaijua!

JIBU: Ndugu, makosa makubwa huwa kwenye chupa. Tembo haliachi kuchacha kwa kuwa limetiwa chupani. Gesi hujaa, plastiki hufura, kioo hupasuka. Jazeni robo tatu tu, kifuniko kilegee, chupa isimame wima ndani ya barafu. Barafu hupunguza kasi, haizuii. Likiwa kali msimwage, ni siki nzuri ya kachumbari. Dereva naye anywe dafu.